Hesabu ya Sarafu Mchanganyiko: Mapeni Matatu na Chenji ya Kondakta

Kila asubuhi watu wengi hutoka Kangemi, Uthiru, Kawangware na Dagoretti kwenda kazini katikati ya mji wa Nairobi, na wengi wao husafiri kwa matatu. Neno hili "matatu" limezoeleka hata watu wamesahau kwamba asili yake ni hesabu ya sarafu. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni haya: magari hayo yalipoanza kuchukua abiria mjini, mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, nauli ilikuwa senti thelathini, nayo ililipwa kwa sarafu tatu za senti kumi kumi. Sarafu ya senti kumi iliitwa peni. Tatu zikawa mapeni matatu. Kisha abiria wakafupisha, wakabakiza ile hesabu, wakaiacha fedha yenyewe. Mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipotoa amri ya kuyaruhusu magari hayo yafanye kazi bila leseni maalum, jina lilikuwa limekwisha kukaa vinywani mwa watu.

Je, mapeni matatu ndiyo njia ya pekee ya kulipa senti thelathini? Mtoto wa shule atacheka asikiapo swali kama hilo, lakini lina mambo ndani yake. Kujua thamani ya fedha ni jambo moja, na kujua fedha hiyo imefanyika kwa sarafu gani ni jambo la pili. Na watu wengi walijuao sana la kwanza hupunjwa, au hujipunja wenyewe, kwa kutolijua la pili. Kondakta ambaye hesabu yake haitimii jioni huujaza upungufu kutoka katika ujira wake. Mwuza mboga hupoteza mteja kwa kukosa chenji. Mtoto aliyetumwa dukani hurudi na peremende mahali pa shilingi. Hasara zote tatu shina lake ni moja.

SENTI THELATHINI KWA NJIA KUMI NA SITA

Katika siku za mapeni matatu, fedha iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu mwaka 1936 Zanzibar pia, ilikuwa moja, nayo ilitolewa na Halmashauri ya Fedha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919. Shilingi yenyewe ilianza mwaka 1921, ikachukua nafasi ya florini, ambayo mwaka mmoja tu kabla yake ilikuwa imechukua nafasi ya rupia. Shilingi iligawanywa katika senti mia. Sarafu ndogo zilikuwa za senti 1, senti 5 na senti 10, na zote tatu zilikuwa na tundu katikati, hata mwenye kutaka aliweza kuzitunga katika uzi. Juu yake zilikuwapo senti 50 na shilingi nzima, zisizo na tundu. Watu wa Nairobi walizipa majina yao: senti 5 ni ndururu, senti 10 ni peni, senti 50 ni sumuni. Neno sumuni, au thumuni kama lisemwavyo pwani, maana yake ni sehemu moja ya nane, na msomaji asishangae kuona nusu ya shilingi ikiitwa sehemu ya nane, maana jina hilo ni la zamani kuliko shilingi, tangu siku ambazo pwani walihesabu kwa riale.

Sasa msomaji na achukue karatasi, aandike njia zote za kulipa senti 30 kwa peni, kwa ndururu na kwa senti moja moja. Akianza ovyo ovyo, akiandika kila njia imjiayo kichwani, atachoka upesi, tena hatajua kama amemaliza au amesahau nyingine. Dawa yake ni utaratibu. Aanze na sarafu iliyo kubwa, aamue idadi yake, asiibadili mpaka amekwisha kuzihesabu zilizo chini yake.

Akitumia mapeni matatu, njia ni moja tu, maana hakuna kilichobaki. Akitumia mapeni mawili, zimebaki senti kumi, nazo zaweza kulipwa kwa ndururu mbili, au kwa ndururu moja na senti tano, au kwa senti kumi bila ndururu. Njia hizo ni tatu. Akitumia peni moja, zimebaki senti ishirini, na ndururu zaweza kuwa nne, au tatu, au mbili, au moja, au asitumie hata moja, njia tano. Asipotumia peni kabisa, ndururu zaweza kuwa sita na kushuka moja moja hata zikaisha, njia saba. Moja na tatu na tano na saba ni kumi na sita. Abiria aliyelipa kwa senti moja moja thelathini alikuwa amelipa nauli ile ile ya mwenye mapeni matatu, ingawa kondakta hangalimshukuru.

Hapa kuna jambo la kutazama. Hakuna haja ya kuandika mstari wa senti moja moja. Zikisha kujulikana peni na ndururu, senti moja moja hujaza palipobaki, na haziwezi kujaza kwa njia mbili. Kwa hiyo sarafu iliyo ndogo kuliko zote haiongezi kazi ya kuhesabu hata kidogo. Kazi yote iko katika zile zilizo juu yake. Ajuaye hivi huifanya kwa dakika chache hesabu ambayo mwingine angeitumia jioni nzima.

Mambo yalibadilika Kenya ilipopata fedha yake yenyewe. Benki Kuu ya Kenya ilianzishwa mwaka 1966, na sarafu za kwanza zenye tarehe ya mwaka huo zilikuwa za senti 5, senti 10, senti 25 na senti 50, pamoja na shilingi 1 na shilingi 2. Senti moja haikuwamo tena. Kwa sarafu hizo mpya senti 30 zililipwa kwa njia tano tu: mapeni matatu, mapeni mawili na ndururu mbili, peni moja na ndururu nne, ndururu sita, au ile ya senti 25 na ndururu moja.

Sarafu ya senti 25 ilikuwa na mtego wake. Mtu mwenye desturi ya kuanza na kubwa ataitoa hiyo kwanza, kisha atatafuta ndururu. Ikiwa hana ndururu, ana mapeni tu, amekwama na senti 25 mkononi, hali mapeni matatu yako mfukoni mwake. Hana budi kuirudisha ile kubwa na kuanza upya na zilizo ndogo. Basi kanuni ya "kubwa kwanza" ni nzuri, lakini haifai kila mahali. Hufaa bila wasiwasi pale tu ambapo kila sarafu huingia sawasawa katika ile iliyo juu yake. Tano huingia katika kumi mara mbili. Lakini kumi haiingii sawasawa katika ishirini na tano, na hapo ndipo mtu hukwama.

TWIGA, KIFARU, SIMBA NA NDOVU

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 231, inasema kwamba noti na sarafu zaweza kuwa na picha za kuonyesha Kenya, lakini zisiwe na sura ya mtu yeyote. Sarafu zilizofuata agizo hilo zilizinduliwa tarehe 11 Desemba 2018. Shilingi 1 ina twiga, shilingi 5 ina kifaru, shilingi 10 ina simba, na shilingi 20 ina ndovu. Zile za awali zenye sura za marais hazikufutwa, ziliachwa ziendelee kutumika pamoja na mpya. Kwa hiyo katika kiganja kimoja cha kondakta hulala shilingi kumi yenye simba na shilingi kumi yenye sura ya Mzee Kenyatta, na thamani yake ni moja. Mwenye kuhesabu aitazame tarakimu, asitazame picha. Mara chache mtu huweza pia kupokea sarafu ya shilingi 40, iliyotolewa mwaka 2003 kwa kuadhimisha miaka arobaini ya uhuru, na wengi huiweka nyumbani kama ukumbusho badala ya kuitumia.

Moja huingia katika tano, tano katika kumi, na kumi katika ishirini. Mtego wa senti 25 haupo. Mwenye kutoa chenji kwa sarafu hizi aanze na kubwa aliyo nayo, ashuke ngazi kwa ngazi, wala hatakwama njiani ikiwa katika sarafu zake iko njia yoyote ya kuifikia thamani ile.

Kwa sarafu hizi nne, shilingi 20 zaweza kulipwa kwa njia kumi. Msomaji ajaribu kwa utaratibu ule ule: ndovu mmoja, njia moja, simba wawili, njia moja, simba mmoja, njia tatu, bila ndovu wala simba, njia tano. Shilingi 50 zina njia 56. Shilingi 100 zina njia 286, na mwenye nafasi siku ya Jumapili aweza kuzihakikisha mwenyewe. Kutoka 20 mpaka 100 thamani imezidishwa mara tano tu, lakini njia zimezidi mara ishirini na nane na zaidi. Ndiyo sababu mtu akiambiwa "mfukoni mwangu mna shilingi mia za sarafu," bado hajaambiwa mengi.

Kwa mwenye kibanda, swali lenye faida zaidi ni hili: ni sarafu ngapi zinazomtosha kuanza asubuhi, ili mteja wa kwanza asikose chenji? Jibu ni nane. Awe na shilingi moja moja nne, shilingi tano moja, shilingi kumi moja na shilingi ishirini mbili. Zile nne na ile ya tano humpa kila kiasi kuanzia shilingi 1 mpaka 9. Akiongeza ile ya kumi, hufika 19 bila kuruka hata shilingi moja. Ishirini ya kwanza humfikisha 39, na ya pili 59. Basi mteja aje na noti ya shilingi hamsini, anunue kitu cha bei yoyote, chenji yake imo katika sarafu hizo nane. Mwenye kibanda akiongeza noti moja ya hamsini, aweza kumpa chenji hata aliyekuja na noti ya mia. Bila shaka mteja wa pili atazikuta zimepungua. Lakini zile nane ndizo mbegu, na wateja wenye kulipa kwa sarafu huzijaza tena.

Wafanyabiashara wengi husema kwamba shilingi moja moja ni mzigo, hazifai kitu, na hutoa peremende badala yake. Hesabu yajibu vingine. Nyumba inayopokea peremende tatu kila siku badala ya shilingi tatu, siku sita za juma, kwa majuma 52, imetoa shilingi 936 kwa mwaka, na imenunua peremende ambazo haikuziomba. Tena mwenye duka hakubali kulipwa kwa peremende zile zile.

SAFARI MOJA YA MATATU

Tangu mwaka 2007, ilipoanza huduma ya M-Pesa, abiria wengi wamezoea kulipa kwa simu, na shida ya chenji imepungua. Haikuisha. Katika gari lolote la kwenda Kangemi jioni hawakosi wenye noti, nao ndio humjaribu kondakta.

Nauli hupanda na kushuka kwa saa na kwa mvua, kwa hiyo hapa itatumika nauli ya mfano, shilingi 30. Gari ni dogo, la abiria 14, idadi iliyosimamiwa kwa ukali tangu zilipoanza kufuatwa kanuni za Waziri John Michuki mwaka 2004. Wote 14 wanapanda mjini na wote wanakwenda Kangemi. Watano wamelipa sawasawa, kila mmoja shilingi ishirini moja na shilingi kumi moja. Sita wametoa noti za hamsini. Watatu wametoa noti za mia. Hakuna aliyetumia simu. Je, kondakta alihitaji kutoka na sarafu za shilingi ngapi?

Aliyetoa hamsini anadai shilingi 20. Aliyetoa mia anadai shilingi 70, lakini kondakta sasa ana noti sita za hamsini, kwa hiyo humpa kila mmoja wa hao watatu noti moja ya hamsini, na deni lililobaki ni shilingi 20 vile vile. Basi watu tisa wanadai shilingi 20 kila mmoja, jumla shilingi 180 za sarafu. Zilizoingia kutoka kwa wale watano ni shilingi 150. Upungufu ni shilingi 30, na kiasi hicho ndicho alichopaswa kuwa nacho alipoondoka kituoni.

Mwenye kuhesabu thamani tu angeishia hapo. Lakini tazama sarafu zenyewe. Zilizoingia ni za ishirini tano na za kumi tano. Za ishirini zinawatosha watu watano. Za kumi tano zinafanya jozi mbili, zinawatosha watu wawili, na moja inabaki peke yake. Saba wamekwisha kulipwa, wawili wanangoja. Ikiwa kondakta alitoka na shilingi 30 kwa sarafu moja ya ishirini na moja ya kumi, ya ishirini inakwenda kwa mtu wa nane, na ya kumi inaungana na ile iliyobaki, inakwenda kwa wa tisa. Ikiwa alitoka na tatu za kumi, zinaungana na ile iliyobaki kufanya jozi mbili. Zote mbili zafaa. Lakini ikiwa alitoka na noti moja ya hamsini, bila sarafu, hawezi kuwalipa wale wawili, ingawa ana fedha nyingi kuliko mwenzake aliyetoka na thelathini.

Baada ya kuwalipa wote tisa, kondakta hana sarafu hata moja. Ana noti tatu za mia, na noti tatu za hamsini zilizobaki katika zile sita. Jumla ni shilingi 450. Akitoa shilingi 30 alizoanza nazo, zimebaki 420, nazo ni nauli ya watu 14 mara shilingi 30. Hesabu imetimia. Kondakta apendaye kulala bila ugomvi na dereva huifanya hesabu hii mwisho wa kila safari, wala hangoji jioni, maana kosa la safari moja huonekana upesi, na makosa ya safari kumi hufichana.

Iko desturi nyingine inayojulikana na kila abiria wa njia hiyo. Kondakta asiye na sarafu huwapa watu wawili wasiojuana noti moja, akawaambia wagawane. Chukua abiria mmoja anayedai shilingi 20, na mwenzake, aliyepanda kwa nauli ndogo ya kuishia Westlands, anayedai 30. Pamoja wanadai 50, na noti ya hamsini inawalipa wote wawili sawasawa. Kwa upande wa kondakta hesabu imekwisha. Kwa upande wao haijaanza, maana mmoja anashuka Westlands na mwingine anaendelea mpaka Kangemi, na noti haikatwi. Kwa kweli kondakta hakuondoa shida ya chenji. Amewabebesha abiria wake. Abiria mwenye busara humwuliza mwenzake anashukia wapi kabla hajaipokea noti hiyo.

KOPO LA MWUZA MBOGA

Sokoni Kangemi na Kawangware wauzaji wengi huweka sarafu katika kopo, na jioni humwachia mtoto kazi ya kuzihesabu. Mtoto hurudi na habari mbili: idadi ya sarafu na jumla ya fedha. Watu hudhani habari hizo mbili ni moja. Sivyo; na mtu mwenye zote mbili aweza kujua mengi bila kulifungua kopo.

Chukua kopo lenye sarafu za shilingi tano na za shilingi kumi tu. Mtoto anasema sarafu ni 30, na fedha ni shilingi 190. Za kumi ni ngapi? Fanya kana kwamba zote ni za tano. Thelathini mara tano ni 150. Lakini fedha ni 190, zimezidi 40. Kila ukiondoa moja ya tano na kuweka ya kumi mahali pake, idadi haibadiliki, na fedha inaongezeka kwa shilingi tano. Arobaini kwa tano ni nane. Za kumi ni 8, na za tano ni 22. Kuhakikisha: 80 na 110 ni 190. Njia hii haitaki herufi za aljebra wala karatasi. Yataka tu kukubali jambo lisilo kweli kwa muda, kisha kulirekebisha.

Sasa chukua kopo lingine, ambalo mwenyewe anajua kwamba ndani yake mna za tano na za ishirini tu. Mtoto anasema sarafu ni 24, na fedha ni shilingi 290. Fanya kana kwamba zote ni za tano: 120. Zimezidi 170. Ya ishirini ikichukua mahali pa ya tano, fedha huongezeka kwa 15. Gawanya 170 kwa 15: ni kumi na moja, na tano zinabaki. Haiingii. Basi jambo moja katika matatu limetokea: idadi imekosewa, au jumla imekosewa, au imo humo sarafu ya namna nyingine. Mwuza mboga amejua hayo akiwa ameketi, naye amwambie mtoto ahesabu tena kabla ya kumshuku mtu yeyote.

Na tuseme mtoto amehesabu tena, na idadi na jumla ni zile zile. Kumbe za kumi zimechanganyika humo. Ni ngapi? Hapa hesabu yenyewe yakiri kwamba habari hazitoshi. Yawezekana za ishirini ni 11, ya kumi ni 1 na za tano ni 12. Yawezekana za ishirini ni 10, za kumi 4 na za tano 10. Au 9, na 7, na 8. Ziko njia saba kwa jumla, na ya mwisho ni za ishirini 5 na za kumi 19, bila ya tano hata moja. Kila njia ina sarafu 24 na shilingi 290. Namna mbili za sarafu hujulikana kwa habari mbili. Namna tatu zataka habari ya tatu. Mtu akisema tu kwamba za ishirini ni 9, mara moja za kumi zinakuwa 7 na za tano 8, na njia nyingine sita zinatoweka.

Ndiyo maana wauzaji wazoefu hawachanganyi. Huweka kila namna katika kopo lake, au huzipanga kumi kumi katika vishina vya urefu sawa, hata jicho peke yake huona kishina kilichopungua. Kumi za shilingi tano ni hamsini; kumi za shilingi kumi ni mia; kumi za shilingi ishirini ni mia mbili. Hapo tena hakuna hesabu ya kufikiri, ni kuhesabu vishina tu.

Liko jambo dogo la kutoa chenji lifaalo kutajwa. Wenye maduka wa zamani hawakutoa kwa kichwa. Walijumlisha kwa mkono. Mteja amenunua vitu vya shilingi 137, ametoa noti ya mia mbili. Mwenye duka huanzia 137, huweka shilingi moja moja tatu mezani akisema "mia na arobaini," huweka ya kumi akisema "mia na hamsini," kisha huweka noti ya hamsini akisema "mia mbili." Chenji ni 63, na wala hakuitaja. Faida yake ni kwamba mteja huhesabu pamoja naye, na ugomvi hauna mahali pa kuingilia.

ZOEZI

Mama mmoja wa Kawangware ana sarafu 18, zote za shilingi kumi na za shilingi ishirini, jumla shilingi 270. Anasafiri na watoto wawili kwenda mjini, na nauli ni shilingi 50 kwa kila mtu. Je, ana sarafu ngapi za kila namna? Atalipa kwa sarafu chache kuliko zote zipi, na kwa sarafu nyingi kuliko zote zipi? Msomaji na aufunike mstari unaofuata mpaka amemaliza.

Zote zikiwa za kumi, fedha ni 180, zimezidi 90, kwa hiyo za ishirini ni 9, na za kumi ni 9. Nauli ya watatu ni 150. Akilipa mara moja kwa wote, sarafu chache kuliko zote ni nane: saba za ishirini na moja ya kumi. Akilipa mmoja mmoja, kila nauli yataka mbili za ishirini na moja ya kumi, nazo zinakuwa tisa. Sarafu nyingi kuliko zote ni kumi na mbili, yaani za kumi zote tisa na tatu za ishirini. Akilipa kwa nane anabaki na za ishirini mbili na za kumi nane. Akilipa kwa kumi na mbili anabaki na za ishirini sita. Kwa njia zote mbili ana shilingi 120. Ikiwa anakwenda sokoni kuuza, zile za kumi nane zitamfaa zaidi.